Mwalimu wa Ufundi na Ndege za Mabua

Mwalimu wa Ufundi aliogopa ngazi. Naliweka jambo hili mwanzoni kwa sababu wengi wanaomsimulia tangu tumzike hawalitaji, nao husimulia mengi ambayo hawakuyaona. Mtu aliyekuwa akipeleka angani vyombo vya mkono wake mwenyewe kwa miaka isiyopungua ishirini hakuweza kupanda vipago vinne ili apigilie bati la jiko lake. Nilimkuta siku moja amesimama chini ya ngazi, nyundo mkononi, misumari mdomoni, kama anayesubiri ngazi impishe. Akaitema misumari kiganjani na kuniambia bila haya, "Hakimu, panda wewe. Mimi huko juu sina shughuli."

Nikapanda. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kabla ya kustaafu, na cheo hicho hakikunitoka hata nilipoanza kulima alizeti. Yeye alifundisha useremala na uchoraji wa majengo, na hata asiyewahi kukaa darasani kwake alimwita Mwalimu wa Ufundi. Tulikuwa majirani katika kijiji kimoja cha Mkalama, si mbali na Nduguti. Ukoo wake wanaujua wa ukoo wake. Mimi nitaandika niliyoyaona na niliyoambiwa naye, na palipo na la mtu mwingine nitasema ni la mtu mwingine.

Kila mtoto wa Iramba na Mkalama amewahi kutengeneza gari la mabua ya mtama. Bua likikauka humenywa ganda, na ndani hubaki moyo mweupe, mwepesi, unaokatika kwa wembe na kushikana kwa vijiti. Tofauti ya Mwalimu na watoto wengine ni kwamba yeye hakuacha. Mbavu za mabawa ya ndege zake zilikuwa moyo wa bua, uti wake ulikuwa mwanzi uliopasuliwa na kunyooshwa motoni, na ngozi yake nailoni nyembamba iliyovutwa mpaka ikalia kama ngoma ukiigusa kwa kucha. Vibao vya mkia, ambavyo ndivyo vinavyoigeuza ndege, alivivuta kwa spoku za baiskeli. Mota, pangaboi na rimoti aliagiza Dar es Salaam kwa kupitia mwenye duka mmoja wa Singida Mjini. Betri alizipata katika kompyuta za mpakato zilizokufa. Ndege kubwa kuliko zote ilikuwa na mabawa marefu kumshinda yeye mwenyewe, nayo aliinyanyua kwa mkono mmoja.

Mwenye duka huyo, ambaye baba yake na babu yake waliuza vyombo mtaa uleule, alimwekea pia povu gumu linalokuja ndani ya maboksi ya friji. Niliandamana na Mwalimu mara kadhaa. Mazungumzo yao hayakuwa na salamu ndefu.

"Mwalimu, friji tatu nimeuza. Mapovu yako yako stoo."

"Umeyakanyaga?"

"Nani akanyage? Nimeyaweka juu ya magunia ya mchele, mke wangu ananiuliza kama ni mahari."

"Mwambie mahari hayapandi juu."

"Ya binti yangu yalipanda, wewe!"

Kutoka hapo tulivuka barabara kwenda kwa sonara, kwa sababu Mwalimu hakuamini mizani nyingine yoyote mjini. Sonara alikuwa mtu mpole, mwenye miwani mizito. Aliondoa pete kwenye kisahani, akaweka ubavu wa bua, akasubiri mshale utulie. Alisema, "Miaka yote hii napima dhahabu, sijaona mteja mwenye wasiwasi kama wewe." Mwalimu hakucheka. Aliandika uzito kwa penseli juu ya ubavu wenyewe, akatoa wa pili. Ubavu wa kulia ukiuzidi wa kushoto hata kwa kiasi cha punje chache, aliurudisha nyumbani kuupiga msasa.

Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na mpangilio. Asiyemwamkia shikamoo hakujibiwa swali lolote, hata la njia. Aliyemhimiza kazini alijibiwa kwa maneno mawili: "Gundi haihimizwi." Tupa na randa zake hakumwazima mtu, akiwemo shemeji yake, ambaye walinuniana naye mavuno mawili kwa ajili ya patasi. Mchungaji wetu alimwomba siku moja arushe ndege yenye kitambaa cha maandiko kwa ajili ya sikukuu ya watoto. Mwalimu, ambaye hakukosa ibada hata alipokuwa na homa, alimjibu, "Mchungaji, ndege hii inajibeba yenyewe tu. Neno la Mungu ni zito." Mchungaji alilirudia jibu hilo mimbarani, na Mwalimu akakasirika kwamba watu wamecheka.

Tabia yake iliyonivuta kwake ilihusu kuanguka. Ndege zake zilianguka, tena mara nyingi. Anayesema hazikuanguka hakuwepo. Ikianguka, hakukimbia. Alizima rimoti, akaiweka begani, akatembea hadi pale kama mtu anayekwenda shambani kwake. Akifika alisimama mbali kidogo, akaitazama kwa muda mrefu, na yeyote aliyenyoosha mkono kuiokota alikemewa: "Usiguse. Kwanza itueleze." Alitazama ni bawa lipi lililotangulia ardhini, spoku ipi imechomoka, pangaboi limevunjika likizunguka au likiwa limesimama. Nimewaona askari wengi katika kazi yangu wakifika penye tukio, na wachache sana walikuwa na adabu ile.

Habari za kibali cha kurusha hakuzidharau. Alikwenda mwenyewe wilayani kuuliza, akarudi na barua yenye muhuri, akaitundika karakanani juu ya kalenda. Lakini binti yake alipomtumia tiketi ya ndege ya kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ili akahudhurie ubatizo wa mjukuu, alipanda basi.

Nilimuuliza sababu.

"Simjui rubani," alisema.

"Na dereva wa basi unamjua?"

"Basi likizimika, linasimama."

Sasa nifike kwenye jivu, ambalo ndilo lililoharibu jina lake.

Kabla ya kurusha, Mwalimu alichota jivu kidogo kutoka katika kopo la ugoro, akanyoosha mkono juu na kuliachia. Jivu likipeperuka alilifuata kwa macho mpaka lipotee. Mimi nilidhani kwamba upepo unatosha kuujua kwa uso, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Usoni unanipiga wa hapa chini. Mimi nataka kujua wa juu ya miti unakokwenda." Upepo wa Singida si wa kubahatisha, kipupwe kikianza huinua vumbi la barabara na kuling'oa bati lisilopigiliwa vizuri. Ndege ya mabua haiwezi kushindana nao. Inabidi ielewane nao.

Kuna jambo la pili ambalo mtu asiyekaa naye hakulijua. Wakati wa masika, jua kali la mchana huchemsha hewa juu ya ardhi tupu, vimbunga vidogo vya vumbi huzunguka mashambani, na ndege nyepesi hurushwarushwa kama pumba katika ungo. Wingu likifunika jua, hewa hutulia kwa muda. Mwalimu alikuwa akisubiri muda huo. Alikaa kivulini na ndege yake magotini mpaka wingu lije. Ndipo alipotoka uwanjani, akaachia jivu, akarusha, na kuishusha kabla dhoruba haijafika.

Basi mtu aliyesimama shambani na jembe aliona nini? Aliona mzee akitokea kila wingu jeusi linapokuja. Aliona jivu likitupwa kuelekea wingu. Alisikia kitu kikinguruma juu, na baadaye, kwa kuwa mawingu mengi ya kwetu hupita bila kunyesha, aliona wingu likiondoka. Kwetu kila mtu amefundishwa utotoni kwamba afungaye mvua hutumia jivu. Wingu ndilo lililoileta ndege. Watu wakaamini kwamba ndege ndiyo iliyoliondoa wingu.

Mwaka ambao mtama ulikauka ukiwa magotini, ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti aliniomba niongoze maswali, ingawa sikuwa na mamlaka yoyote ya kisheria, na nilisema hivyo kabla ya kuanza.

Aliyesimama kwanza alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa alizeti, mwanamke mchapakazi ambaye sina sababu ya kumwita mwongo.

"Mheshimiwa, mimi nimeona kwa macho yangu. Wingu lilitoka huko, jeusi kabisa. Mwalimu akalitupia jivu. Kidude kikapanda kinalia ngiii, na wingu likakatika."

"Likakatika baada ya muda gani?"

"Nilikuwa na jembe, Mheshimiwa, sikuwa na saa."

Watu wakacheka. Akafuata kijana wa bodaboda.

"Mzee, hii ishu iko wazi. Jamaa akirusha tu, mvua inakata."

"Umeona mara ngapi?"

"Mimi? Ameniambia mshikaji wangu, anakaa hapo nyuma ya shule."

"Basi keti."

"Lakini mshikaji haongopi!"

"Aje yeye."

"Yuko Singida Mjini, amepeleka kuku."

Nikamwita Mwalimu. Alieleza jivu kwa sentensi moja na wingu kwa sentensi mbili, kama anavyoeleza mwalimu kwa darasa ambalo limeshindwa zoezi, kisha akakaa. Hakumsihi mtu. Nikatamka kwamba hakuna ushahidi wa kosa lolote, na kwamba wingu kuondoka baada ya ndege kupanda si sawa na wingu kuondoka kwa sababu ya ndege. Wachache waliitikia kwa vichwa. Kutoka nyuma, mtu ambaye sikumwona alisema kwa sauti ya utulivu, "Karakana ya mabua haichelewi kushika moto."

Nilifanya kosa hapo. Nililifanya kwa nia njema, na nia njema haifuti kosa. Baada ya mkutano nilimvuta Mwalimu pembeni, nikamwambia asirushe mpaka mvua inyeshe, ili watu watulie.

"Unanihukumu?" aliuliza.

"Nakushauri."

"Hukumu ina rufaa, Hakimu. Ushauri hauna."

Hata hivyo alikubali, kwa sababu mke wake alikuwa hai wakati huo na alikuwa hapati usingizi kwa hofu ya moto. Alizitundika ndege zote darini, na kijiji kizima kikajua kwamba amezitundika.

Siku ya tatu mvua ikanyesha.

Ilinyesha vizuri, mpaka mito ikajaa mchanga mpya, na kesi ambayo nilikuwa nimeitupa kwa kukosa ushahidi ikapata ushahidi nilioutengeneza mimi. Hakuna tena aliyehitaji mshikaji wa Singida Mjini. Kila mtu alikuwa ameona: alirusha, ikakata, ameacha, imenyesha. Hakuchomewa karakana. Alifanyiwa jambo ambalo yeye aliliona baya zaidi. Watu wakaanza kumheshimu.

Akina mama walihamia upande wa pili wa njia alipopita, kisha wakamwamkia kwa sauti laini kupita kiasi. Wakati wa mavuno alikuja mwanamume mmoja wa kijiji jirani na jogoo kwapani. Nilikuwepo, tunakunywa chai ukumbini.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja na shida ndogo. Alizeti yangu iko uwanjani, haijakauka. Kama ungetushikia siku nne tu..."

"Nishike nini?"

"Si unajua mwenyewe, baba."

Mwalimu alisimama, akamshika yule mtu mkono kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, akamsindikiza mpaka barabarani, yeye na jogoo wake. Aliporudi hakuigusa tena chai. Alisema mjukuu wake anayesoma Nduguti ameulizwa na wenzake kama na yeye atarithi. Ardhi hugawanywa, na nyumba huuzwa. Jina la namna ile hupewa watoto wote kwa ukamilifu wake, na hakuna anayeweza kulikataa.

Misimu iliyofuata hakurusha kitu. Alitengeneza viti.

Nilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili kwenda kukiri kwake. Mke wake alikuwa amefariki, na yeye mikono imeanza kutetemeka, ule wa kulia hasa, kiasi kwamba alishika kikombe kwa yote miwili. Nilimkuta karakanani mwanzoni mwa masika. Nikamwambia kwamba ushauri wangu ulikuwa mbaya, na kwamba njia pekee ya kuuondoa ni kurusha tena mbele ya watu, siku yenye wingu.

"Na isiponyesha?" aliuliza.

"Na ikinyesha," akaendelea, "watasema nimeifungua. Siku moja haithibitishi kitu, Hakimu. Ulipaswa kulijua hilo kabla yangu."

"Basi tufanye nini?"

Akatoa kopo la maziwa ya unga lililokwisha, akanionyesha ndani. Palikuwa na punje za mahindi na za maharage, zimechanganywa sawasawa. Alikuwa amelifikiria siku nyingi. Kila wingu likija, mtu angechota punje moja bila kutazama. Haragwe, ndege inapanda. Hindi, ndege inabaki magotini. Msimu mzima, kila wingu, na yote yaandikwe: saa, upepo, punje, mvua au ukavu.

"Kwa nini punje?"

"Kwa sababu tukiamua wenyewe tutachagua mawingu mazuri. Na mimi siwezi kuandika. Kwanza mkono, pili hakuna atakayeniamini. Nahitaji mwandishi ambaye hanipendi sana."

Nikamwambia kwamba sifa hiyo ninayo. Nadhani alifurahi.

Siku ya kwanza tulikuwa uwanja wa shule ya msingi, wanafunzi wameshakwenda nyumbani kula. Wingu lilitoka mashariki, likafunika jua, na vumbi likatulia juu ya ardhi. Nikachota: haragwe. Mwalimu akaachia jivu, akalifuata kwa macho, akawasha mota. Nikafungua daftari.

Njiani pembezoni mwa uwanja walipita wanawake wawili wametoka shambani, na mmoja wao alikuwa yule mjane aliyetoa ushahidi mkutanoni. Walisimama kwa adabu.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," tuliitika pamoja.

Walipiga hatua chache. Kisha mjane akamwambia mwenzake, bila chuki, kama anayetaja bei ya chumvi, "Umeona? Sasa wako wawili."

"Na huyo mwingine anaandika," mwenzake akajibu.

Nilimtazama Mwalimu nikitarajia hasira. Alikuwa akicheka. Sikuwahi kumwona akicheka namna ile, mabega yanatikisika, rimoti inagongana na vifungo vya koti lake, mpaka ikabidi azime mota asije akakatwa na pangaboi.

"Karibu, Hakimu," alisema alipopata pumzi. "Karibu sana."

Halafu akaitazama mikono yake. Ndege ya aina ile hairuki yenyewe kutoka ardhini. Lazima mtu aitupe, na mtupaji asiyetulia huitupa bawa likiwa limeinama. Alinipa. Nilishangaa wepesi wake. Nilihisi kama nimeshika kikapu kitupu ambacho mtu anakivuta upande wa pili.

"Usiitupe juu," alisema. "Juu itakwenda yenyewe. Itupe mbele, kifuani pa upepo. Na usiiachie kwa woga, itajua."

Wanawake walikuwa bado wamesimama. Nikaliweka daftari chini, nikaweka jiwe juu yake, nikapiga hatua tatu kama alivyokuwa akipiga yeye zamani, nikaitupa. Ilishuka kidogo, kiasi cha kunifanya nishike kichwa, kisha ikaushika upepo na kupanda juu ya paa la shule, ikageuka chini ya wingu lile jeusi taratibu, na Mwalimu akaiacha izunguke mara nyingi kuliko ilivyolazimu.

Tulimaliza msimu wote. Hatukuacha wingu hata moja, na siku ambazo yeye alikuwa kitandani nilikwenda kumchotea punje palepale, na haragwe likitoka niliitupa mimi, yeye akaiongoza kutoka dirishani. Alifariki kipupwe kilichofuata.

Kama siku ile ya kwanza ilinyesha au haikunyesha, sitasema hapa, na wala sitajumlisha msimu kwa niaba ya mtu. Imeandikwa, kwa mwandiko unaosomeka, kila ukurasa una sahihi zetu mbili, ya kwake ikiwa imepinda. Daftari liko juu ya meza ukumbini kwangu na mlango huwa wazi mchana kutwa. Watu hupita, huniamkia kwa sauti laini, na kuhamia upande wa pili wa njia.